Niliyoyaona mazoezini yamenitia hofu: nimruhusu mwanangu acheze mpira wa Kimarekani?

SWALI: “Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi jimbo la Iowa, Marekani, tumetoka Mwanza. Mwezi wa nane nilimpeleka mwanangu wa miaka 15 kwenye uwanja wa Kinnick, ile siku ambayo Chuo Kikuu cha Iowa hufungulia watu mazoezi ya timu kabla ya msimu. Yeye ameingia timu ya shule yake na ndoto yake ni kuchezea chuo, kwa hiyo nilikaa nikitazama kila kitu. Kuna mambo yalinichanganya. Wachezaji wamevalia kitu kama godoro dogo juu ya helmeti. Baadhi wana jezi za rangi nyingine na hakuna anayewagusa. Wengine wako pembeni wanakanyaga baiskeli zisizokwenda. Kwotabeki, yule mrushaji mkuu wa mipira, anarusha pasi, zinanyakuliwa na mabeki wa timu yake mwenyewe. Wale wakubwa wa mstari wa mbele wanahema mikono magotini. Pembeni nikaona mabeseni makubwa yamejaa maji na barafu. Mke wangu anasema mwili wenye joto ukitiwa kwenye barafu mtu anapooza. Shemeji yangu anasema dawa ya joto ni maji mengi tu, na kijana lazima azoeshwe shida. Kinachoninyima usingizi ni hiki: kipimo cha damu kilionyesha kijana amerithi selimundu kwa mzazi mmoja, ingawa hajawahi kuumwa. Je, niliyoyaona ni dalili za timu mbovu? Na je, nimruhusu aendelee?”

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, moja la shabiki na moja la mzazi. La shabiki nitalimaliza haraka. La mzazi litachukua nafasi, kwa sababu hapo ndipo kuna uhai wa mtoto. Nikuambie mapema kwamba mengi yaliyokutia hofu ni mambo ambayo mimi, ninayefanya kazi ya afya ya wanamichezo, huyatafuta kwa macho nifikapo uwanjani. Nisipoyaona ndipo ninapoogopa.

Tuanze na pasi zilizonyakuliwa. Mazoezini timu inacheza na nafsi yake. Kila pasi inayonyakuliwa ni kosa la kwotabeki na ni kazi nzuri ya beki, na wote wawili ni wa kwako. Huwezi kujua kutoka jukwaani ni upande upi ulio dhaifu. Tena mapema mwezi wa nane ulinzi mara nyingi hutangulia mashambulizi, kwa kuwa pasi nzuri hudai mpokeaji na mrushaji wazoeane hadi mpira urushwe kabla mpokeaji hajageuka, na mazoea hayo huchukua majuma. Kocha naye siku ya watu wote haonyeshi mbinu zake. Anaendesha mambo ya kawaida ambayo mpinzani yeyote anayajua. Nyinyi mlio Iowa mna mfano wenu: mwaka 2023 mashambulizi ya timu hiyo yalikuwa miongoni mwa yaliyo dhaifu kabisa nchini, na bado walishinda mechi 10 wakapoteza 4, kwa nguvu ya ulinzi na mipira ya kupiga kwa mguu. Aliyewahukumu kwa pasi za mazoezini alikosea.

Jezi za rangi tofauti ni amri ya “usimguse”. Kwotabeki huvalishwa hivyo kwa sababu akiumizwa na mwenzake wa timu, msimu umeharibika kabla haujaanza. Mchezaji anayetoka kwenye jeraha pia anaweza kuvalishwa rangi yake. Wale wa baiskeli ni majeruhi wanaolinda pumzi huku goti au kifundo kikipona. Hiyo ni habari njema: mtu hakulazimishwa kurudi kabla ya wakati.

Sasa kile ulichokiita godoro. Ni kifuniko laini cha kupunguza nguvu ya mgongano wa helmeti kwa helmeti. Kinapunguza, ila hakizuii mtikisiko wa ubongo, kwa maana ubongo unaogelea ndani ya fuvu na hakuna kofia inayoweza kuushika usisogee. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza idadi ya migongano. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofuatilia timu 6 za vyuo vikuu kati ya 2015 na 2019. Karibu nusu ya mitikisiko ya ubongo ilitokea katika maandalizi ya kabla ya msimu, ingawa maandalizi hayo ni kama sehemu moja ya tano ya kipindi chote. Ukijumlisha na mazoezi ya katikati ya msimu, mazoezi yalibeba asilimia 72 ya mitikisiko yote. Yaani hatari kubwa haikuwa kwenye mechi tunazolipia tiketi. Ilikuwa kwenye asubuhi za mwezi wa nane ambazo hakuna anayezitazama.

Mwaka huohuo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilibana kanuni za daraja la kwanza. Katika mazoezi 25 ya kabla ya msimu, yenye mgongano hayazidi 18, na yale ya vifaa kamili hayazidi 9. Kuangushana kwa nguvu zote hakuzidi dakika 75 katika zoezi moja. Yale mazoezi ya kizamani ya kuwagonganisha vijana wawili uso kwa uso huku wenzao wamewazunguka wakishangilia yalipigwa marufuku. Mazoezi mawili kwa siku moja yalikuwa yamekwisha kufutwa tangu 2017. Kanuni hizi ni za vyuo. Shule za sekondari zinaongozwa na chama cha jimbo, na nitalirudia hilo, maana mwanao yuko huko.

Kanuni hiyo ya 2021 ilifanya jambo jingine ambalo watu hawalitilii maanani: iliongeza siku za kuuzoesha mwili joto kutoka 5 hadi 7. Siku 2 za mwanzo wachezaji huvaa helmeti tu, kisha pedi za mabega huongezwa, na vifaa kamili huja mwishoni. Shabiki akiwaona wamevaa kaptula siku ya kwanza husema kocha analea watoto. Hapana. Mwili usiozoea joto na mwili uliozoea ni miili miwili tofauti kabisa. Katika siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kupanda polepole, maji ya damu huongezeka, moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ileile, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Huwezi kuharakisha jambo hili kwa ujasiri. Ndiyo maana siku za kwanza za maandalizi ndizo zinazoua zaidi.

Na joto la Iowa lina yake. Sisi tuliokulia kando ya ziwa au pwani tunadhani tumelizoea, lakini mwezi wa nane mahindi ya jimbo zima yanatoa unyevu hewani, na hewa ikishiba unyevu jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipozi mwili, linachuruzika tu. Weka juu yake helmeti, pedi na jezi nzito, ngozi ikose pa kutolea joto. Kwa hiyo kipimajoto cha kawaida hakitoshi. Timu makini hutumia kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo, ambacho kilibuniwa miaka ya 1950 baada ya askari wa Marekani kuangushwa na joto kambini, na hubadilisha saa za mazoezi kulingana nacho. Wale wakubwa uliowaona mikono magotini ndio walio hatarini kuliko wote: mwili mkubwa hutengeneza joto jingi na hulitoa kwa shida. Wengi wa waliokufa kwa joto katika mchezo huu walicheza nafasi hiyo. Kuinama na kuhema baada ya mbio ni kawaida. Kuyumba, kujibu ovyo, kusahau zamu yake, kugombana bila sababu, si uchovu tena.

Hapo ndipo mabeseni ya barafu yanapoingia, na naomba mke wako asikie hili kwa heshima zote, kwa sababu imani yake ni ya wengi, hata mimi nimelelewa nayo. Mtu aliyepigwa na joto la mazoezi, ambaye joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na akili imeanza kuchanganyika, hapoozi kwa barafu. Anaokolewa nayo. Kinachoharibu ubongo, ini na figo ni dakika anazokaa akiwa moto. Ukimzamisha mpaka shingoni katika maji ya barafu yanayokorogwa, huku mtu amemshika kwapani kichwa kisizame, joto hushuka upesi kuliko kwa njia yoyote nyingine. Lengo ni ashuke ndani ya nusu saa. Ndiyo maana kanuni yetu ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye: gari la wagonjwa linaitwa mara moja, lakini mgonjwa habaki ameketi kivulini akilisubiri.

Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa timu ya Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini tarehe 29 Mei 2018 na akafa tarehe 13 Juni. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuzamishwa kwenye maji baridi wala joto la mwili wake halikupimwa ipasavyo. Kabla yake, mwaka 2001, Korey Stringer, mchezaji wa kulipwa wa Minnesota Vikings, alikufa kwa sababu hiyohiyo katika kambi ya kabla ya msimu. Vifo hivi vinaumiza zaidi kwa sababu vinazuilika. Ukiona beseni limejazwa barafu kabla mazoezi hayajaanza, umeona timu iliyojifunza.

Shemeji ana haki kwamba maji ni muhimu. Amekosea aliposema “tu”. Mtu aliyekunywa vizuri bado anaweza kupigwa na joto, maana chanzo ni misuli kutengeneza joto kuliko ngozi inavyoweza kulitoa. Na anayejilazimisha kunywa lita juu ya lita bila chumvi anaweza kuifanya damu iwe nyepesi mno hadi ubongo uvimbe. Hilo nalo limeua wanamichezo. Kijana anywe kwa kiu, anywe mara kwa mara, ale chakula chenye chumvi ya kawaida, na ajipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Asubuhi akiwa bado hajarudia uzito wake, mwili una deni.

Kuhusu “kuzoeshwa shida”, hapa nasema bila kupepesa. Mwili hujengwa kwa kupandishwa ngazi, na wanaoumia sana ni wanaorukishwa ngazi, hasa wakitoka mapumzikoni. Januari 2011, hapohapo Iowa, wachezaji 13 wa timu ya chuo walilazwa hospitali baada ya mazoezi makali waliyoanza mara tu waliporudi likizo. Misuli yao ilikuwa imevunjika na kumwaga taka zake kwenye damu, na figo ndizo zinazolipa hapo. Walikuwa vijana wenye nguvu, wenye wataalamu karibu, na ilikuwa majira ya baridi. Joto halikuhusika.

Sasa tuje kwenye selimundu. Mwanao amerithi kwa mzazi mmoja, kwa hiyo hana ugonjwa wa selimundu. Katika chembe zake nyekundu za damu, nusu na zaidi ya hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, ni ya kawaida, na katika maisha ya kila siku chembe hizo hazijikunji kuwa na umbo la mundu. Kwetu kanda ya ziwa hali hii imeenea sana kwa sababu iliwakinga watoto na malaria kali, vizazi kwa vizazi. Si aibu wala laana. Lakini ikutanishe na juhudi kali mfululizo bila kupumzika: misuli inakosa oksijeni, asidi inapanda, mwili unapungukiwa maji, joto linazidi. Katika mazingira hayo baadhi ya chembe zinaweza kujikunja, zikaziba mishipa midogo ya misuli, na misuli ikaanza kufa.

Jinsi inavyotokea ni tofauti na joto, na makocha wengi hupotea hapa. Kijana mwenye kupigwa na joto kwa kawaida huanguka baada ya muda mrefu, akiwa moto na amechanganyikiwa. Huyu wa selimundu anaweza kuanguka mapema, dakika chache tu baada ya mbio za kasi kuanza. Anaongea vizuri, anakwambia “miguu imeniishia”. Mkakamao wa kawaida hukaza msuli ukawa mgumu kama ubao na mtu hupiga kelele za maumivu. Huyu msuli wake ni laini ukiushika, na analalamika udhaifu kuliko maumivu. Kocha asiyejua atadhani mvivu, atamwamuru amalizie. Mwaka 2006, Dale Lloyd II, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, alizidiwa baada ya kukimbizwa mbio 16 za yadi 100, akafa. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba alibeba selimundu. Familia yake ilishtaki, na kutokana na makubaliano ya kesi hiyo NCAA ikaanza mwaka 2010 kudai hali ya kila mchezaji wa daraja la kwanza ijulikane.

Je, basi azuiwe kucheza? Kwa maoni yangu hapana, na sisemi hivyo kukufariji. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanajeshi weusi zaidi ya 47,000 wa jeshi la Marekani. Waliobeba selimundu hawakufa zaidi ya wenzao. Hatari ya misuli kuvunjika kwa mazoezi ndiyo iliyopanda, kwa asilimia 54, kutoka kiwango ambacho chenyewe ni kidogo. Kumbuka pia jeshi hilo lilikuwa na taratibu za kuwalinda askari wote: maji, mapumziko, kupandisha mazoezi polepole. Ninavyousoma utafiti huo, kijana wako anaweza kucheza salama mahali penye taratibu hizo, na hapaswi kucheza mahali pasipo nazo.

Na hapa ndipo ninapotaka uache kuitazama timu ya chuo na uitazame ya shule. Uliyoyaona Kinnick yana wataalamu na fedha nyuma yake. Shule nyingi za sekondari Marekani hazina mtaalamu wa afya ya wanamichezo anayekuwepo kila siku. Pengine yupo siku ya mechi tu. Nenda kazungumze na kocha ana kwa ana kabla ya mazoezi kuanza, mkiwa wawili na mama yake mkiweza. Muulize nani anashughulikia afya mazoezini na yuko siku zipi. Muulize wanapimaje joto na wanaahirisha lini. Mwombe akuonyeshe beseni la barafu lilipo, si akuelezee. Muulize siku za kwanza wanavaa nini, na gari la wagonjwa huingilia lango gani. Kocha mzuri atafurahi umeuliza. Akikasirika, au akikwambia vijana wa siku hizi ni laini, umepata jibu lako, na mimi ningemtoa mwanangu kwenye timu hiyo.

Mwambie waziwazi kuhusu selimundu, na uipeleke karatasi ya kipimo kwa muuguzi wa shule. Najua familia zetu huogopa kwamba kijana atawekwa benchi. Hofu hiyo naielewa, lakini siri ndiyo iliyo hatari. Masharti ya kijana ni machache: mbio za kasi apumzike kikamilifu kati ya moja na nyingine, siku za kwanza asipimwe kwa mbio za muda zenye adhabu, akiwa na homa au anaharisha asifanye mazoezi, akisafiri kwenye milima mirefu kama Colorado apunguze kasi, na asitumie kabisa zile poda na vinywaji vya kusisimua kabla ya mazoezi. La mwisho ndilo gumu kwa umri wake: akisikia miguu inakosa nguvu, asimame na aseme. Mzoeshe kusema nyumbani, kwa kumsikiliza anaposema amechoka bila kumkejeli. Na siku atakapofikia kuoa, mchumba wake naye apime.

Kabla ya msimu apate uchunguzi wa daktari anayejua hali yake, hata kama shule ina fomu yake. Hospitali ya watoto mjini Iowa City ina wataalamu wa damu, na ukihitaji mkalimani wa Kiswahili omba. Ni haki yako na hulipii. Akiona damu kwenye mkojo wakati wowote, hata bila maumivu, apelekwe, kwani wanaobeba selimundu wakati mwingine hupata shida hiyo ya figo. Mkojo ukitoka wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, au misuli imevimba na kuuma kupita kiasi kesho yake, asisubiri miadi: aende chumba cha dharura siku hiyohiyo. Akianguka uwanjani, akichanganyikiwa, au miguu ikikataa kumbeba, pigeni 911, namba ya dharura, papo hapo, na sentensi ya kwanza kwa wahudumu iwe kwamba amebeba selimundu. Mfundishe yeye, na nahodha wake, kuisema kwa Kiingereza bila kusita.